Bibo Lenye Sikio

Nilikwenda steshenari pale Msamala kutoa kopi za mtihani wa kidato cha pili. Karatasi zilikuwa zimekwama kwenye mashine, dada mwenye duka ameiinamia, nami nikabaki kutazama ukuta. Palikuwa na bango jipya: bibo jekundu, kubwa kama kichwa cha mtu, na pale korosho inaponing'inia pameota sikio. Sikio la binadamu, lenye hereni. Nililitazama mpaka nikajishika langu.

“Hili ni tangazo la nini?”

“Si tangazo, mwalimu. Ni jalada la albamu, nimelichora mwenyewe.” Aliinua uso, ana wino puani. “Kuna prodyuza wa Nakapanya, kule Tunduru, anatengeneza hip hop ya kompyuta, ila si kama hizi unazozijua. Nikurushie?”

Mimi ni mtu wa kwaya. Nilizaliwa Singida, Songea nililetwa na barua ya ajira, na hip hop niliwaachia wanafunzi. Lakini sikio lile lilinishinda. Nikamwambia anirushie.

Jioni, nikichambua mchele uani, nikaufungulia wimbo alionirushia. Ta! Ta-ta! Kimya. Ta! Besi nzito ikaingia, ikakatika kabla sijaizoea. Hakuna aliyeimba, walisikika wanawake wakiongea Kiyao, maneno yao yamekatwakatwa na kurudiwarudiwa. Nilidhani faili limeharibika. Nikanyoosha kidole nizime, na hapo mama mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Tunduru, akatoka mbio na mikono yenye unga.

“Usizime! Hao wanabangua korosho!”

Akaketi, akasikiliza, akaanza kucheka mpaka machozi.

“Wanasema nini, mama?”

“Huyu mmoja anasema mumewe akikoroma, mbuzi wanaitikia.”

Tuliurudia mara nne. Mara ya nne nilikuwa natikisa kichwa, mchele umenimwagikia miguuni.

Jumamosi dada wa steshenari akanipigia: prodyuza amekuja kuchukua mabango yake. Tukaenda, mimi na mama. Nilitarajia kijana mwenye cheni na nywele za rangi. Kwenye benchi alikaa baba wa makamo mwenye baraghashia, fundi redio kwa kazi yake, amepakata kompyuta iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwamkia shikamoo. Mama akamtolea asalaam aleikum, na kabla yule baba hajamaliza kuitikia akamuuliza, “Yule anayesema mumewe anakoroma ni nani?”

“Mke wangu.”

“Na mume?”

Akavua baraghashia, akajikuna kichwa. “Ni mimi, mama. Nilitaka kukitoa kile kipande, akanikatalia.”

Tulicheka wote, lakini kicheko cha mama kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Yule baba akamwangalia kama mtu aliyeokota kitu. Akatoa kinasa sauti mfukoni, akamwomba kwa adabu arudie kucheka.

“Mimi? Kwenye hip hop? Astaghfirullah, umri huu!” Akajitazama toka juu hadi chini. “Ngoja kwanza nikabadili khanga.”

Kweli akaenda, akarudi na khanga mpya. Kicheko cha kwanza kilitoka kikavu, cha pili vilevile. Prodyuza akamwambia afumbe macho, akumbuke jambo la zamani. Akafumba. Kikaja chenyewe, kirefu, kikamlazimu kushika meza.

Siku hizi wanafunzi wangu wanaupiga wimbo wenye kicheko hicho kwenye simu zao bila kujua ni nani anayecheka. Mimi namjua. Ila alichokikumbuka, hadi leo amekataa kuniambia.