Siku Nilipoitwa Mama Apiyo Tena

Siku ile mwalimu aliponiita shuleni naikumbuka mpaka rangi ya leso niliyojifunga. Nilikuwa msusi bado, mwanangu, mikono ina kasi, nikisuka watu nywele saluni moja pale Kawangware, kituo cha 56, na kurudi kulala Kibera, Soweto West.

Nilikuwa na mapacha wa kike, Apiyo na Adongo. Apiyo ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo ploti nzima, majirani wote wa ua mmoja, iliniita Mama Apiyo. Walipofika miaka sita, Apiyo akashikwa na homa, na baada ya siku tatu tu akatutoka. Tulimzika nyumbani, kule upande wa ziwa. Shangazi zangu wakaniketisha chini, wakaniambia pacha haliliwi. Ukimlilia aliyeondoka, atamvuta mwenzake. Nikaogopa, nikameza machozi yote. Kurudi Nairobi nikakuta majirani wameshanibadilisha jina: sasa mimi ni Mama Adongo. Walinihurumia, siwalaumu. Lakini tangu hapo hakuna aliyemtaja Apiyo, na mimi mwenyewe sikuthubutu.

Sasa sikia kosa langu. Adongo alikuwa na sura ileile ya mwenzake, hata mwanya wa meno. Nikashindwa kumtazama. Nilimpakulia chakula nikiangalia sufuria. Nilisuka vichwa vya watoto wa watu kutwa nzima, wangu nikampeleka kwa jirani asukwe huko. Nikajiambia ni uchovu wa kazi. Mwaka ukaisha hivyo.

Basi mwalimu akaniambia, "Mama Adongo, huyu mtoto haongei darasani. Jana nimemuuliza shida ni nini, akaniambia mamake alitaka yeye ndiye afe."

Mwalimu akanielekeza kwa mshauri katika kliniki moja ndogo, mtaa wa Mashimoni. Nikakataa. Nikamwambia mimi sina wazimu, na kanisani nimeshaombewa.

"Hakuna mtu amesema una wazimu, mama," akasema. "Enda tu umwone. Ukishindwa, uache."

Mshauri mwenyewe aliitwa Zuhura, msichana wa Kinubi, mzaliwa wa hapo hapo Kibera, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilimdharau, nisikufiche. Nilingoja dawa, au angalau mawaidha marefu. Hakutoa hata kimoja. Alifunga mlango, akaniambia tutakutana kila Jumatano, saa nzima, mimi na yeye peke yetu, na nisemayo hayatapelekwa nje kuwa porojo. Kisha akauliza, "Ungependa nikuite nani?"

Swali dogo hivyo. Nikafungua mdomo niseme Mama Adongo, likatoka lile jingine: Mama Apiyo. Nililia mpaka saa yangu ikaisha. Yule msichana hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia Mungu amependa. Alikaa nami tu. Hadi leo nastaajabu, mtu anawezaje kukaa karibu na kilio cha mwenzake bila kukikimbia? Nimeona wanaume wakipandisha saruji ghorofani kwa mgongo, lakini nguvu ya namna ile sijaiona kwingine.

Nikatoka mbio kwenda nyumbani kuangalia kama Adongo angali hai. Nilimkuta anaruka kamba na wenzake, vumbi mpaka magotini. Nilikuwa nimemlilia pacha, na aliyebaki alikuwa amebaki. Nikasimama pale kama niliyeona muujiza.

Usidhani yaliisha siku hiyo. Ziko Jumatano nilizorudi na uchungu mwingi kuliko niliokwenda nao. Siku moja nikamwambia Zuhura sirudi tena. Akasema, "Sawa, mama. Jumatano ijayo niko." Nikarudi. Nikamsimulia ile homa saa kwa saa, na jinsi nilivyokwenda kazini asubuhi ya kwanza nikidhani ni mafua. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata kwenye maombi. Nikaona kwamba kila nilipouona uso wa Adongo, nilikuwa nikijihukumu.

"Na Adongo ungetaka ajue nini?" Zuhura akaniuliza.

Jibu nikalipeleka nyumbani. Nikamketisha mtoto kitandani, nikamshika mashavu, nikamtazama. "Apiyo alikufa, nami nikaogopa," nikamwambia. "Sijawahi kutaka wewe ufe. Hata siku moja."

Akauliza, "Naweza kusema jina lake?"

Nikamwambia alitaje mpaka achoke.

Mwanangu, Apiyo bado ananiuma. Uchungu wenyewe haukuondoka, ila sasa naweza kuishi nao na bado nikawapenda waliobaki. Kwa hiyo nakusihi: moyo ukikulemea, usingoje mpaka mwanao amweleze mwalimu. Tafuta mtu aliyefunzwa kusikiliza, ukae naye, umwambie hata lile unaloona aibu. Kama huyo wa kwanza hakukufaa, tafuta mwingine. Endelea kusali, sala na mshauri hawagombani. Na usihesabu siku za kupona.

Mungu akutangulie kwenye mlango wa mshauri, akupe ulimi wa kusema yako yote, na ukitoka uwakute unaowapenda wangali wanakungoja.