Nilivyomwandikisha Mama

Wakati nikisomea diploma ya kompyuta kila Jumamosi pale mjini Wote, nilipata kibarua cha kuandikisha wakulima. Shirika moja lilikuwa limekuja kwetu Kasikeu na kuahidi mbegu za ndengu zinazovumilia ukame. Tulitumia ukumbi wa kanisa letu. Mimi nilikaa na tableti, watu wakapanga foleni. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, picha ya uso, ukubwa wa shamba. Halafu yakaja maswali ambayo sikuona yanaihusu ndengu vipi: nani ni mgonjwa nyumbani, na anameza dawa gani?

Mama yangu hakupanga foleni. Alisimama mlangoni na kiondo chake akinitazama nikiwapiga watu picha.

"Hizo picha zinaenda kukaa kwa nani?" aliniuliza tukirudi nyumbani.

"Kwa seva, Mwaitu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Ni kompyuta kubwa."

"Na mwenye hiyo kompyuta ni nani?"

Nilicheka, kwa sababu sikujua.

Kesho yake nilimuuliza msimamizi wetu. Hakuinua macho kutoka kwa simu yake. "Kwani hawakukubali? Si kila mtu ameweka kidole?" Ni kweli waliweka. Lakini maneno waliyoyakubali yalikuwa kurasa tatu za Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia, "Weka kidole hapa, mzee." Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia msimamizi kwa jicho lingine. Alikuwa akikusanya tableti zote jioni na kuondoka nazo kwa gari lisilo na maandishi yoyote ubavuni.

Jumamosi iliyofuata, darasani, mwalimu wetu alikuwa akitufundisha maadili ya kompyuta yalikotoka. Nilidhani atataja wezi wa mitandaoni. Badala yake alituambia habari za mwanahesabu mmoja wa Marekani aliyepewa kazi, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ya kutafuta namna ya kuifanya mizinga ilenge ndege. Ndege haisimami, kwa hiyo mashine ilibidi ikisie rubani atageukia wapi. Katika kazi hiyo mtu yule akaona kwamba binadamu na mashine wote wanapokea habari, wanaitumia, na wanajirekebisha. Ndipo akaingiwa na hofu. Ukishaweza kumkisia mtu, utamfanya nini? Vita vilipokwisha alikataa kuwapa wanajeshi kazi yake, akarudi kwa maswali ya zamani ya wanafalsafa: maisha mema ni yapi, uhuru ni nini, haki ni nini. Wengi hawakumfuata mpaka miaka mingi baadaye.

"Kwa hiyo," mwalimu alisema, "swali la kwanza si kompyuta inaweza nini. Ni huyu mtu unamchukulia kuwa nani."

Niliandika hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Jumatatu, siku ya mwisho ya kuandikisha, nikamwandikisha mama bila kumwambia.

Nilijitetea moyoni kwamba jirani zetu wote watapata mbegu na yeye atabaki hivihivi. Picha yake nilikuwa nayo kwa simu, ya harusi ya binamu yangu. Nambari ya kitambulisho niliijua kwa kichwa. Palipoulizwa ugonjwa, programu ilikataa kuendelea bila jibu, nikajaza presha na jina la dawa. Kisha nikaweka kidole changu mwenyewe pale pa kukubali.

Wiki chache baadaye tulikuwa tumekaa uani tukichambua ndengu wakati simu ya mama ilipolia. Huwa anaweka sauti ya juu. Mwanamke mwenye sauti tamu alimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, ambalo hakuna anayemwita nalo Kasikeu.

"Presha inaendeleaje, mama? Bado unatumia zile tembe? Sisi tuko na dawa ya mitishamba..."

Mama alikata simu. Akaendelea kuchambua kidogo, kisha akaacha.

"Mambo ya presha nilikuambia wewe peke yako. Hata ndugu zako hawajui."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Uliweka kidole cha nani?"

Nilienda Wote kwenye ofisi ya lile shirika, nikataka jina lake liondolewe. Karani aliandika kitu, akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Umeona? Hayuko tena."

"Na nakala?"

"Hakuna nakala," alisema, upesi mno. Niliomba barua ya kuthibitisha hilo. Ikaja kwa barua pepe, mistari miwili, bila sahihi.

Nilimsomea mama. Akaniuliza kama nimeona kwa macho yangu habari yake ikitoka. Nikasema nimeona haipo kwenye kioo. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto.

Mbegu zilikuja mvua ilipokaribia, majirani wakapanda. Mama alipanda zake za mwaka uliopita. Mimi kibarua nilikuwa nimekiacha, na mtihani wa maadili niliupita vizuri sana, jambo ambalo sijawahi kumwambia.

Siku hizi anaenda kliniki mjini Sultan Hamud peke yake. Juzi aliporudi nilimuuliza daktari amesema nini. Alitazama simu yangu juu ya meza, akaichukua, akaenda kuiweka chumba kingine. Aliporudi akasema, "Amesema niko sawa," na akaanza kukata sukuma wiki.