Kilo Iliyokonda

Nawaambieni, ila msinicheke sana. Wadachi walituletea mizani sokoni Dodoma, nami jiwe langu la chuma la kilo moja likanitumbukia kisimani. Kwa kuogopa viboko vyao nilichonga bonge la chumvi ya Bahi, nikalilinganisha na jiwe la jirani, nikalipaka masizi. Nililificha ndani ya nyumba yangu ya tembe, wanapolala mbuzi wangu. Kila asubuhi nililikuta jeupe, nikalipaka tena bila kujiuliza masizi yameenda wapi.

Juzi bibi mmoja wa Mkonze akalalamika mbele ya askari mkaguzi, "Mjukuu wangu, mtama wako unapungua."

"Bibi, kilo ya serikali haikondi!" nikaapa.

Soko zima likaangua kicheko. Nikageuka. Mbuzi wangu mmoja, aliyenifuata hadi sokoni, mdomo mweusi tii kwa masizi, alikuwa anailamba kilo ya serikali.