Maua ya Mvua Juu ya Kaburi la Mama

"Huyu? Huyu atayachemsha matunguu hayo na chumvi kabla mvua haijanyesha." Hivyo ndivyo alivyosema shangazi yangu Debora mbele ya wanawake waliokuwa wakitwanga uwele uani kwetu, na wote wakaacha michi yao ili wacheke vizuri. Mmoja akaongeza kwamba mtoto wa kiume hajui kulea ua. Mwingine akasema mtoto wa manamba hajui kulea hata upele wake mwenyewe. Maneno hayo hunirudia kila ninapofungua mlango wa ghala langu na kukutana na ile harufu ya jivu baridi na maganda makavu, harufu ya matunguu ya maua yaliyolala salama yakingoja mvua.

Ghala hilo nimelijenga mwenyewe, kwa tofali za kuchoma na bati. Stashahada yangu ya kilimo cha bustani iko ukutani, ndani ya kioo, na anayetaka kuisoma asogee aisome. Nimevuka bahari kwenda kuitafuta na nimerudi nayo, wakati wengi walioondoka siku zile walirudi na kofia tu. Sisemi haya ili nipigiwe makofi. Nayasema kwa sababu kazi yenyewe sikuianzia ng'ambo. Niliianzia Mvumi, wakati wa Mwingereza, nikiwa mtoto wa kaptura moja, na niliianza kwa sababu mama yangu alikufa.

Aliyewahi kukaa Ugogo anajua mchwa wetu. Msalaba wa mti ukiuchimbia leo, masika mawili hayapiti kabla haujawa unga. Saruji ilikuwa ya wamisionari na ya wenye maduka. Sisi wengine tulizikwa chini ya tuta la udongo mwekundu, na mvua za kwetu, mnazijua, hazinyeshi kwa adabu: hukaa mbali miezi na miezi, kisha hushuka zote kwa pamoja zikikokota kila kitu kuelekea korongoni. Baada ya masika machache tuta linakuwa uwanda. Mbuzi wanapita, watoto wanacheza, na mwenye mtu wake hajui tena amsimamie wapi.

Ndiyo maana watu wa usharika wetu waliyapenda yale maua mekundu yenye umbo la tarumbeta, yaliyoletwa zamani na wake wa wamisionari. Tuliyaita maua ya mvua. Hutoka ardhini kwa mvua za kwanza, kabla hata ya majani yake, na mbuzi hawayali kwa sababu yana sumu. Ukipanda matunguu yake kichwani na miguuni pa kaburi, kila mwaka ardhi yenyewe inakuonyesha mtu wako alipo. Lakini maua ya kaburini yalikuwa na desturi yake kwetu. Hayakuuzwa, na hayakutolewa bure pia, kwa kuwa watu waliona kwamba kumpa mwenzio ua la msiba ni kama kumpelekea msiba wenyewe. Yaliazimwa. Tunguu likishazaa vitoto, unarudisha kitoto kilichonenepa kwa mwenyewe, naye anakipanda kwenye kaburi la mtu wake. Asiyerudisha alikuwa hakopeshwi tena, hata akifiwa na nyumba nzima.

Mama alikufa katikati ya kiangazi, upepo ukivuma vumbi siku kutwa. Baba alikuwa manamba katika mashamba ya mkonge huko Kilosa na habari zilimfikia kwa kuchelewa. Tulibaki mimi, mdogo wangu Neema ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni, na shangazi Debora, dada yake baba, aliyehamia kwetu na sauti yake. Neema hakuwa na umri wa kumkumbuka mama. Nilijua jambo moja tu: siku moja ataniuliza mama yuko wapi, na lazima niwe na mahali pa kunyoshea kidole.

Kwanza nilikwenda kwa Bibi Loi, mjane wa katekista, ambaye kaburi la mumewe lilikuwa jekundu kuliko yote.

"Mbukwenyi, bibi. Shikamoo," nikamsalimu kwa Kigogo na kwa Kiswahili.

"Marahaba. Umekuja kuomba au kuazima?"

"Kuazima, bibi."

"Na mdhamini wako nani, wewe usiye hata na kiatu?"

"Mdhamini wangu mimi mwenyewe."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaleta ungo uliojaa matunguu, akauweka chini, akaniambia nichague. Nilichukua lile kubwa kuliko yote. Bibi Loi alitazama tu pembeni, kama mtu anayengoja kuona mwenzake atajikwaa. Nikaona nilipime kwanza mkononi. Lilikuwa jepesi kwa ukubwa wake, na nilipominya kitako chake, pale mizizi inapoanzia, kidole kiliingia. Nikalirudisha. Nikachukua jingine, dogo zaidi, zito kama jiwe la mtoni, shingo yake imekauka vizuri, ngozi yake ya kahawia imelivaa kama koti. Hilo ndilo nililoliweka pembeni, na mengine machache ya namna hiyo.

"Haya," akasema Bibi Loi. "Angalau macho unayo."

Hayakutosha kichwani na miguuni pa kaburi, kwa hiyo nilikwenda dukani kwa Mama Shirin. Mumewe aliuza chumvi, kaniki na mafuta ya taa, na yeye alikuwa amepanda maua ya mvua ndani ya madebe barazani. Familia yao ilikuja kutoka Bara Hindi enzi za Mjerumani, lakini yeye alizaliwa hapahapa na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu.

"Chukua tu, mtoto," akasema nilipomweleza. "Mama yako alikuwa mtu mwema. Nakupa."

"Hapana, mama. Niazime."

"Nakwambia nakupa."

"Siwezi kupewa. Naomba deni."

Akageuka ndani akamwita mumewe. "Njoo umsikie huyu! Anakataa cha bure, anataka deni!"

"Mshike asiondoke," sauti ikajibu kutoka gizani nyuma ya magunia. "Mteja wa namna hiyo sijampata tangu nifungue duka."

Nikapanda. Mvua za kwanza zilipopita, maua yakasimama kichwani na miguuni pa mama, mekundu juu ya udongo mwekundu, na watu waliotoka kanisani wakasimama kuyatazama. Nilimbeba Neema nikamwonyesha. Shangazi Debora akaja, akatazama, akakunja mikono.

"Ua kuchanua si kazi," akasema. "Mungu ndiye anayelichanusha. Tusubiri kiangazi."

Maneno yale yaliniudhi, lakini hakukosea. Kiangazi ndicho kinachomjua mtunza maua. Nungunungu, ambao sumu ile haiwazuii, huchimba makaburi usiku wakitafuta matunguu, na kwa hiyo majani yakishanyauka ni lazima uyafukue matunguu, uyakaushe, uyahifadhi mpaka mvua nyingine. Niliyafukua mapema asubuhi, nikayapangusa udongo, nikayaanika kivulini. Mengi yalikuwa yameanza kuzaa, vitoto vimeng'ang'ania ubavuni mwa mama zao. Tayari nilikwisha kujiona nimelipa madeni.

Ndipo shangazi alipoyachukua.

"Usiyaache nje panya wayale," akasema. "Mbegu inawekwa mahali pa mbegu."

Ndani ya tembe letu, karibu na jiko, palikuwa na kihenge kidogo cha mbegu. Uwele wa kupanda mwaka unaofuata uliwekwa humo pamoja na jivu, kisha mdomo wake ukafungwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, hata mdudu asipate pa kuingiza unywele. Hakuna aliyekifungua kabla ya mvua. Shangazi aliumimina uwele wa kihenge kwenye kibuyu, akayapanga matunguu yangu humo kwa jivu safi, akafunga, akasiliba kwa kiganja chake. Wazee wetu wote walitunza mbegu hivyo na ikaota. Hakuna mtu nyumbani kwetu ambaye angefanya vinginevyo, maana hatukuwahi kutunza tunguu la ua, na mimi nilifurahi kuona maua ya mama yamepewa kiti cha mbegu.

Mawingu yalipoanza kukusanyika tulibomoa udongo. Harufu ilitutangulia. Ilikuwa chungu na tamu kwa pamoja, kama pombe iliyosahauliwa mtungini, na shangazi alipoingiza mkono ulitoka umejaa ute. Punje ya uwele imekauka na imelala kabisa. Haihitaji hewa kiasi cha kuhesabika. Tunguu ni nyama na maji. Linapumua, linatoa jasho, na ukilifungia karibu na moto linajipika lenyewe. Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba mama yangu amezikwa mara ya pili.

Wanawake wa uani walikuja kuchungulia. "Si tulisema?" akasema mmoja. "Afadhali angeyachemsha, angalau tungekula hata hiyo sumu yake." Hakuna aliyecheka. Shangazi Debora alikaa chini sakafuni, mikono ameinyosha mbele, ute ukimdondoka vidoleni.

Nilimimina kila kitu kwenye ungo nikaanza kuchambua kwa vidole, nikipumua kwa mdomo. Matunguu karibu yote yalikuwa uji. Lakini mawili matatu yalikuwa yameoza upande mmoja tu. Upande mwingine ulikuwa mgumu, mweupe, na kipande cha kitako bado kimeshika. Hakuna aliyenifundisha nilichofanya, na ninalisema hilo kwa kifua mbele. Nilichukua wembe nikakata sehemu zilizokuwa nzima, kila kipande na kitako chake, nikapaka jivu kwenye majeraha, nikavianika kwenye upepo, mbali na jiko. Vilipokauka nikavipanda ndani ya chungu kilichovunjika, kwenye mchanga. Miaka mingi baadaye, ng'ambo, mwalimu alikata tunguu mbele ya darasa kwa namna hiyohiyo kama anayefunua siri. Nilitabasamu. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kwamba mimi nilifanya hivyo nikiwa sijaota ndevu.

Vipande vile vilitoa majani membamba kama nyasi, basi. Maua yalikuwa bado miaka. Nikaenda kwa Bibi Loi na kwa Mama Shirin kuwaambia yaliyotokea na kwamba deni lao liko palepale. Mama Shirin alitaka kunisamehe, nilikataa. Bibi Loi aliniambia, "Sijakuuliza. Nenda kaangalie chungu chako."

Mwaka ule mvua zilishuka kwa hasira, na kaburi la mama halikuwa na kitu. Kila ilipokatika nilikimbia makaburini kurudishia udongo kwa mikono. Neema, ambaye sasa alitembea, alinifuata na kibuyu kidogo cha udongo, akakimimina popote alipoona panafaa. Tulifanya hivyo masika yale, na yaliyofuata, na yaliyofuata tena. Tuta halikuondoka.

Vitoto vya chunguni vikanenepa, vikahamia ardhini, vikazaa vya kwao. Kiangazi nilivihifadhi kwenye kikapu cha ukindu kilichoning'inizwa mahali panapopita upepo, ndani ya jivu baridi na mchanga mkavu, tunguu lisiguse tunguu, na mara kwa mara nililitoa kila moja na kulinusa. Lililolainika liliondoka kabla halijawaambukiza wenzake. Mpaka leo sifanyi zaidi ya hapo, ingawa sasa nina meza na vidirisha.

Yalipochanua juu ya mama kwa wingi, nilikuwa karibu kuondoka kwenda shule ya mbali. Sikutaka kusafiri na deni la kaburi. Nilichagua matunguu bora kabisa, nikayafunga kwenye kitambaa, nikazunguka. Mama Shirin alipokea yake kwa mikono miwili, akamwita mumewe, "Amekuja kulipa!" na yule mzee safari hii akatoka nje ya duka, akanipa mkono kama mtu mzima. Bibi Loi aliyaminya yote kwenye vitako, moja baada ya jingine, kisha akasema nimezidisha. Nikamwambia hayo ya ziada ni ya kuchelewa.

Tunguu moja lilibaki. Nilimpelekea shangazi Debora, aliyekuwa akipepeta uani.

"La nini? Mimi sikukuazima ua."

"Uliniazima kihenge, shangazi."

Uwele ule alioumimina kwenye kibuyu uliliwa na wadudu, na mwaka ule alipanda mbegu za kuombaomba kwa majirani. Nilijua hilo tayari. Nilichokuwa sijui ni kwa nini aliuweka ungo chini, akaligeuza tunguu mikononi, kisha akasema, "Lete jembe."

Alinipeleka makaburini, lakini si upande wa mama. Tulikwenda upande wa zamani, uliokuwa tambarare kama uwanja wa kupuria, wenye njia ya mbuzi katikati.

"Alikuwa anaitwa Yonathani," akasema.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

Sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu. Nilimdhani mtu asiyezaa, na kicheko chake nilikidhani dharau. Ilinichukua umri wangu wote huu kuelewa kwamba kila alipoapa sitaweza, hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiitazama ile ardhi tupu.

Alisimama mahali. Akasogea hatua kadhaa, akasimama tena, akageuka kutazama mnara wa kanisa, kama anayepima kwa macho ya siku ile ya maziko. "Ni hapa," akasema. Kisha akasema, "Au pale." Jua lilikuwa kali na hakuwa na kitu cha kujifunika kichwani.

"Panda katikati," akasema mwishowe.

Nikapiga jembe katikati, nikalilaza tunguu, shingo juu, nikalifukia.