Tulidhani Anamtafuta Ndugu Yake

Mama yangu alikuwa mtu wa kukubali karibu kila kitu isipokuwa matanga ya baba. Wazee wa kanisa letu la Wakongo pale Toronto walimwambia zaidi ya mara moja: mumeo amepotea tangu mlipokimbia Uvira, hakuna barua, hakuna simu, hakuna aliyemwona kambini, basi tukae matanga tumlilie, mioyo itulie. Mama aliwajibu kwa upole ulioniudhi kuliko kelele.

"Hakuna mwenye alionaka maiti yake."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nimechoka. Kila familia mpya iliyofika kutoka kwetu, mama alinivuta mkono tukaisalimie, na kabla wageni hawajavua makoti alikwisha kutoa picha ya baba kwenye pochi. Walitikisa vichwa. Tukarudi kwa basi mtaani kwetu Dixon, mimi nimenuna. Nilitaka matanga yale. Nilitaka tulie, tumalize, tuwe watu kama watu wengine.

Kazi ya mama ilikuwa kukunja mashuka kwenye kiwanda kinachofulia hoteli za karibu na uwanja wa ndege. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzake alikuwa bibi wa Kikorea, nywele nyeupe, mwepesi wa miguu. Walishika pembe, wakarudi nyuma, wakanyoosha, wakasogeleana tena mpaka vidole vikagusana, hivyo kutwa nzima, wakizungumza Kiingereza cha kuokoteza. Mama alipomwambia kwamba tumenunua deki ya video lakini kanda tuliyo nayo ni moja tu, ya kwaya, bibi yule akamwazima kanda ya filamu ya kwao.

Tuliiweka Jumamosi mchana. Ilikuwa Kikorea kitupu, hata maandishi ya Kiingereza chini hakuna. Tuliona mji wa bandari wenye theluji, na maiti za wanawake, mmoja mtaroni, mwingine nyuma ya soko. Halafu mwanamume mwembamba mwenye koti refu, anapita nyumba kwa nyumba akionyesha uso uliochorwa kwenye karatasi. Watu wanatikisa vichwa. Anakwenda nyumba ya pili.

Mama alitoa hukumu kabla chai haijapoa. "Kwao kulikuwa vita. Unaona wafu? Ule anamutafuta ndugu yake."

"Mbona picha yenyewe ni ya kuchora?"

"Zingine ziliungua na nyumba."

Nikaamini. Mimi niliyejiona msomi wa nyumba nikaamini, kwa sababu viatu vya yule bwana vilikuwa vimekwisha, alikuwa analala ndani ya gari, anakula amesimama. Na uso wake wakati mlango unafungwa niliujua vizuri. Ulikuwa uso wa mama kila tuliposhuka ngazi za watu.

Kanda ikaisha bwana yule amesimama mbele ya mlango, hajabisha. Kumbe kulikuwa na kanda ya pili, nayo bibi alikuwa amemwazima jamaa mwingine. Tukangoja majuma kadhaa. Mama akaanza kumwombea. Kwenye sala ya chakula, baada ya wagonjwa wa kanisa, alimtaja "ule baba wa koti" na kumwomba Mungu amwonyeshe njia. Siku moja nikacheka, akanifinya.

"Usicheke. Akimupata wake, na siye tutamupata wetu."

Hapo nikaacha kucheka. Niliona kwamba amekwisha kulifunga tumaini lake kwenye filamu ile, na niliogopa kanda ile ya pili.

Bibi wa Kikorea aliileta mwenyewe, Jumamosi, pamoja na wali uliozungushiwa majani meusi ya baharini. Mama akatoa mandazi. Tukabanana kwenye kochi watatu. Bwana wa koti alikimbia, akaanguka, akainuka, na ndani ya ghala la samaki akamfikia mtu mwenye uso ule ule wa kwenye karatasi. Akamrukia. Wakaanguka pamoja, akamkumbatia kwa nguvu hata mtu hawezi kupumua.

Mama akaruka na kupiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Bibi akamtazama mama, akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini mama anafurahi. Mtu mbaya yule, akasema. Ndiye kawaua wale wanawake wote.

"Anasema nini?" mama akauliza, bado anacheka.

Ningeweza kudanganya. Shuleni, mwalimu alipomwita mama, nilitafsiri ninavyotaka na sikuwahi kukamatwa. Lakini nilikasirika, kwa sala zote zile, kwa ngazi zote zile.

"Anasema si ndugu yake. Ni muuaji. Yule ni polisi, anamtafuta amfunge."

Kwenye televisheni pingu zilikuwa zinafungwa. Mama akakaa polepole.

"Sasa siku zile zote," akasema, "hakuwa anamupenda?"

Bibi alitaka kujua kimetokea nini, nikamweleza kosa letu, nikamweleza na habari za baba. Akaweka chakula chini. Akasema naye ana kaka. Walipotezana njiani wakati wa vita vya kwao, yeye akiwa msichana, na kaka akabaki upande wa kaskazini. Kila mwaka huwaandalia chakula wazazi wake waliokufa, kila mmoja siku ile ile aliyofariki. Kaka hamwandalii.

Nilipomtafsiria, mama akasema, "Umuulize kwa nini."

"Siku yake hatuijui," bibi akajibu.

Mama alizitazama zile nywele nyeupe. Kisha akazima televisheni.

"Kesho tutawaambia wazee," akaniambia. "Tutakaa matanga. Wewe njo mwenye ulikuwa unayataka. Tuweke siku gani?"

Nilifungua mdomo nimwambie Jumamosi ijayo, wakati sina shule. Nilikuwa tayari kabisa. Kilichotoka ni kilio. Nilishika kitenge chake kwa mikono miwili, mimi mkubwa wa kumzidi urefu, nikawa nasema bado mama, bado, msiweke siku, bado. Bibi wa watu akabaki ananipapasa mgongo bila kuelewa neno hata moja.

Hatukuiweka. Sasa mama naye amefariki, na siku yake naijua, huwa napikia watu kwa kumkumbuka. Kuhusu matanga ya baba, kaka zake waliobaki Uvira hunipigia simu na kuniambia kwamba mimi peke yangu ndiye ninayewachelewesha. Wana haki. Nawasikiliza mpaka mwisho, halafu nawauliza ni mtaa gani hawajaupita na picha yake.