Upande Ambao Haujapigwa Msasa

Kwetu kazi ilikuwa na mpaka wake. Mimi nakata, naranda, naunga. Mke wangu anapiga msasa. Hakuna kiti wala kabati lililotoka kwenye karakana yetu kule Kisumu bila yeye kulipitia. Mimi nashika mbao isicheze, yeye anasugua, vumbi limemkaa kwenye nyusi na mdomo haufungi. Siku nikijifanya najua kupiga msasa mwenyewe, ananinyang'anya. "Fundi, wewe ni wa kelele. Haya ya polepole niachie mimi." Wapita njia walidhani tunagombana, kumbe tunaongea tu.

Amani ya Sudan ilipotiwa sahihi, Juba ikaanza kujengwa, na kila aliyejua kupiga msumari akavuka mpaka wa Nimule. Na mimi nikavuka. Nilimwambia naenda kutafuta mashine yangu mwenyewe, niache kukodi za watu, halafu narudi. Akanifungia chapati kwenye gazeti, akasema, "Nenda, lakini usinizoeshe kulala peke yangu." Nikacheka. Nilikuwa mtu wa kucheka wakati ule.

Nilipata kazi kwenye karakana moja kule Juba, mtaa wa Hai Mauna. Milango, vitanda, na majeneza mengi kuliko nilivyopenda. Kazi ilikuwa tele, mbao za mahogani na tiki nzuri mpaka unaona huruma kuzipiga msumari. Siku moja jenereta ikakohoa nikiwa katikati ya ubao, msumeno ukalegea, halafu ukarudi kwa nguvu. Ubao ukaruka. Mkono wangu wa kulia ukafuata ubao. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Walinishona vizuri, siwalaumu. Lakini mishipa ya vidole vitatu ilikuwa imekatika, na bandeji ilipotolewa vilikuwa vimepinda kama vya mtu aliyeshika kikombe. Ukivinyoosha, havinyooki. Ukivikunja, havikunjiki. Daktari akaniambia, "Usiupe huo mkono likizo. Upe kazi ndogo ndogo." Ndogo! Mimi mtu wa milango! Nilitoka pale nimenuna mpaka wenye bodaboda wakaogopa kuniita.

Mwenye karakana hakunifukuza. Alinipa kazi ya kupokea wateja na kupima, nikakaa kwenye benchi kama mgeni. Mbele yetu mama mmoja Mganda alikuwa anapika chai na maandazi, na yeye ndiye aliyekuwa akinisema kila siku.

"Bwana fundi, wewe iko na bibi kule Kenya. Ambia yeye."

"Nitamwambia."

"Lini? Mficha maradhi kilio itaumbua yeye."

"Mama, chai yangu iko wapi?"

Akaileta, akaiweka upande wangu wa kushoto bila kuuliza. Hilo liliniudhi kuliko maneno yake.

Maana kwenye simu nilikuwa namwambia mke wangu kazi iko, afya iko, joto tu ndilo limezidi. Nilijua nikimwambia atasema rudi. Sasa nirudi kuwa nani? Nikae kwenye karakana yangu nimtazame mke wangu akiajiri fundi mwingine wa kumshikia mbao? Bora nife na joto la Juba. Na papo hapo nilikuwa namtamani hadi mwili unauma. Nikisikia mtu popote Mauna anasugua mbao, kwaru, kwaru, nilikuwa nageuka.

Ndipo nikaikumbuka meli. Zamani kulikuwa na meli ya abiria iliyotoka Kisumu kwenda Mwanza, na tulipooana tuliipanda kwenda kumsalimia shangazi yake. Tuliketi kwenye benchi karibu na bomba la moshi kwa sababu pale kulikuwa na joto. Alitapika toka tulipoacha bandari. Katikati ya kutapika akanishika mkono, akasema, "Ukicheka tu, tunaachana kabla ya Mwanza." Sikucheka. Nilimshikilia hadi kukakucha. Siku hizi meli ile haibebi tena watu, inaoza pale gatini, na kila tulipopita tulikuwa tunaigeuzia uso kama jamaa aliyefilisika.

Nikaona hiyo ndiyo kazi ndogo. Nitaichonga meli ile, nimpelekee, na akiiona ataamini mkono wangu ni mzima. Nilijiona mjanja kweli.

Wee, ilinitoa jasho. Nilichukua kipande cha mahogani kilichobaki kwenye mlango wa kanisa, nikakibana kwa vile vidole vyangu vibovu, nikachonga kwa patasi nikitumia kushoto. Mkono wa kushoto ni kama shemeji mlevi, unajua unachotaka lakini unafanya chake. Nilipasua mbele ya meli mara mbili. Chumba cha nahodha nilikirusha mpaka kwenye jiko la mama wa chai. Akakiokota, akakipuliza majivu, akanirudishia. "Maalesh," akasema, hilo neno la pole la Juba ambalo wote tulikuwa tumeliokota. "Endelea."

Nikaendelea, kiangazi chote hadi mvua zikaanza kutugeuzia njia kuwa tope. Madirisha ya duara niliyatoboa kwa msumari wa moto. Bomba la moshi nililitengeneza kwa mpini wa mwiko uliovunjika. Mwisho nikachonga benchi, dogo kama kucha, nikaligandisha karibu na bomba. Nikalitazama hilo benchi tupu, nikamkumbuka vibaya sana.

Msasa sikupiga. Ndiyo kawaida yetu, na nilitaka aone hakuna kilichobadilika. Nikaifunga meli kwenye blanketi, nikampa Mkenya mwenzangu aliyekuwa anapanda basi pale kituo cha Custom kwenda nyumbani. Nikamwambia aibebe mapajani. Nikampigia mke wangu: "Kuna mzigo unakuja. Nimekuachia msasa." Akapiga kigelegele kwenye simu, na mimi nikawa mtu mwenye furaha kuliko wote Mauna.

Simu yake ilikuja asubuhi moja nikiwa nakunywa chai.

"Meli imefika."

"Umeipenda?"

"Umelikumbuka hata benchi." Nikasikia kwaru, kwaru. "Nimeanza kuipiga msasa. Fundi, nani ametengeneza kitu hiki?"

"Si mimi?"

"Alama zako za patasi zinalalia kulia. Miaka yote nazisugua, nazijua kuliko ninavyojua uso wako. Hizi zote zinalalia kushoto. Mkono wa kulia umefanya nini?"

"Ah, nilikuwa na haraka tu, nika..."

"Usinidanganye, baba watoto. Umefanya nini?"

Hakuwa amepandisha sauti. Angepandisha ningejitetea. Nikaketi kwenye rundo la mbao, nikalia mchana kweupe, mwanaume mzima, na mama wa chai akanigeuzia mgongo akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nikamweleza mke wangu yote, jenereta, ubao, benchi la kukalia, na ile hofu ya kurudi kuwa mzigo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Unaweza kufunga ngumi?"

"Siwezi."

"Kushika randa?"

"Siwezi, mama watoto. Nimekwambia vimepinda, haviendi huku wala huku."

"Ukiwekewa kitu katikati, kinaanguka?"

Nikafikiri. "Hakianguki."

"Basi nisikilize. Nimesugua upande mmoja, umetoka laini, unapendeza. Upande wa pili umenishinda. Naiweka mezani, inacheza. Naibana kwa magoti, inateleza. Watoto wakishika wanachoka. Mimi tangu lini nimepiga msasa kitu ambacho hakuna mtu amenishikia?"

"Lakini patasi sasa..."

"Patasi nitashika mimi ukinifundisha, nani amekuuliza patasi? Nimekuuliza kushika. Hiyo si ndiyo ilikuwa kazi yako siku zote, nikisugua?"

Nikavitazama vile vidole vitatu. Vilikuwa vimepinda sawasawa na unene wa ile meli, maana nilikuwa nimeishika navyo miezi yote ile.

"Njoo unishikie," akasema.

"Nakuja," nikamwambia, na mama Mganda, mgongo bado amenigeuzia, akaniambia basi la Kampala linatoka alfajiri.