Vumbi Kwenye Picha ya Bwana Stesheni

Jamani wa Dodoma, leo nimeponea chupuchupu! Nabandika karatasi hii hapa sokoni ili niwasimulie.

Mnanijua, mimi ndiye napaka rangi mabehewa.
Juzijuzi Bwana Stesheni, yule Mdachi wetu, aliniagiza nimchoree mji kwa rangi ya mafuta, ampelekee mama yake Ulaya.

Nikachora yote: reli, soko, maduka ya Wahindi, hadi mbuzi wa Mama Ndahani muuza uji.
Kumbe rangi ya mafuta ikiwa nene haikauki! Siku ya nne picha bado inanata.

Leo asubuhi nikaianika juani.
Ukaja upepo wa Dodoma, mnaujua.
Picha nzima ikajaa vumbi. Na nzi wawili, mmoja bado hai.

Nikaanza kulia, maana kiboko cha bwana kiko nyuma ya mlango.
Mama Ndahani akaja kuchungulia. "Usiifute, mwanangu. Sasa ndiyo Dodoma yenyewe."

Kabla sijamjibu, bwana huyo hapo!
Akainama. Akaikagua picha kona hadi kona, mpaka mgongo wangu ukaanza kuwasha wenyewe.
"Vumbi hii," akasema, "wewe nachora namna gani? Mzuri sana!"
Nikajibu, "Kwa subira, bwana."

Sasa anataka picha nyingine ya kumpa rafiki yake, yenye vumbi lilelile, kesho kutwa.
Nimeshachora, rangi bado mbichi, na tangu mchana hata jani halitikisiki.

Anayejua upepo utarudi lini aandike hapa chini. Makaa ya kuandikia yapo kwa Mama Ndahani.